Usiumwagilie kwa Huruma

Nyuma ya daftari la kliniki
uliniandikia kwa kalamu ya bluu, kabla ya kwenda Mtwara:
Mtapo. Maji udongo ukikauka hadi kifundo cha pili cha kidole.
Usiumwagilie kwa huruma.
Ukapiga mstari mara mbili,
kama mtu anayemjua anayemwandikia.

Huku Ngamiani, ghorofa ya pili, Barabara ya Kumi na Nne,
jua huingia saa moja asubuhi
na saa nne limeshaondoka, halikuaga.
Mtapo ulikaa dirishani katika ndoo ya rangi
uliyoitoboa mwenyewe kwa msumari wa moto.
Majani tisa, magumu, kila ncha na mwiba wake.
Ukipita karibu yanakukwaruza mkono,
ujue nyumba hii huishi peke yako.

Na mimi, Mwanamkuu, nilikuwa mpweke.
Nikirudi kiwandani na vumbi la mkonge kwenye nyusi
nilikuta kitu kimoja tu kinachoweza kunihitaji.
Nikakipa. Kikombe asubuhi. Kikombe usiku.
Ijumaa, maji yaliyooshea mchele,
maana nilisikia yana nguvu.

Mwezi wa tatu nilibonyeza shina,
likabonyea kama papai la juzi.
Harufu ikatoka, ile ya gunia lililosahauliwa mvuani.

Hoza wa chini, anayeunga fremu za baiskeli,
alipanda, akautazama.
"Tupa. Mji wenyewe waja leo waondoka leo,
wewe unalea kitu cha miaka mia?"
Lakini kisu chake aliniachia.

Nikaung'oa. Nikakata mizizi iliyogeuka uji,
nikakata mpaka penye weupe mkavu kama muhogo,
weupe uleule ambao bibi yangu, mwaka wa njaa,
aliuloweka, akabadili maji, akabadili tena,
kabla ya kuthubutu kuwapa watoto.
Maji yaliyoitoa sumu yake
ndiyo niliyouulia.

Majivu ya mkaa kwenye jeraha.
Wiki mbili juu ya kabati, uchi.
Kisha mchanga wa mto, changarawe, udongo kiduchu.
Majani yakageuka manjano, nikayakata yote tisa.
Kikabaki kitu kama nanasi lililoungua.

Kila Jumapili ukapiga simu.
"Mtapo haujambo?"
"Haujambo."
Miezi saba, haujambo.
Nasema huku mkono mmoja uko kichwani pake
na wa pili nauzuia usiende bombani.
Kazi yote ilikuwa hiyo, kutofanya,
na sijawahi kuchoka vile.
Siku moja nikaona vidugamba viwili kwenye shina.
Nikavifuta kwa pamba na spiriti, nikicheka peke yangu:
wadudu hawanyonyi maiti.

Novemba, usiku, umeme umekatika.
Nikamulika tochi. Katikati ya nanasi
manyoya ya rangi ya chai,
na ndani yake vichwa vimejikunja,
kumi na moja, nilihesabu mara tatu,
laini kama sikio la mtoto.
Vikapanda pamoja, vikajikunjua pamoja.
Ndoo sikuigeuza, sikuisogeza hata inchi;
jikoni nilikwenda ubavu ubavu.

Mwezi ujao unarudi.
Hoza anasema usiambiwe.
Lakini shina la mtapo halisahau:
mwaka wa shibe hunenepa, mwaka wa dhiki hubana.
Majani haya yakija kuzeeka na kukatwa
patabaki kiuno hapo, chembamba,
na wewe, uliyezoea kusoma miili ya watu,
utaweka kidole uniulize
mwaka huu ulipatwa na nini.

Nimetia kidole sasa hivi.
Kifundo cha kwanza, pakavu.
Cha pili, bado.
Kikombe nimekirudisha kabatini.